Mguse Aliyepigwa na Radi

Matogoro, Songea
Jumamosi, saa kumi jioni

Dafrosa mwanangu,

Habari za blanketi, chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mwalimu mkuu, mama yako amekwambia wiki nzima, na kesho stendi ataanza upya kabla basi halijawasha injini. Sitaki kushindana naye, simwezi. Mimi nina jambo moja tu, nalo kila nikilianza kwa mdomo wewe unacheka na kusema, "Baba, tena habari za radi!" Basi leo nimeamua kuandika. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Unakwenda kufundisha Umatengo. Nimeulizia hiyo shule yako. Naambiwa iko juu kabisa ya mlima, madarasa mawili ya matofali na moja la nyasi, mlingoti wa bendera mbele, na kengele yenu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti mmoja uliobaki baada ya mingine kukatwa kwa kuchomea tofali. Aliyenieleza alikuwa anasifia mandhari. Mimi nilikuwa nahesabu: kilele, mlingoti, mti wa peke yake, watoto wengi. Nikasema moyoni, binti yangu amepangiwa kuishi juu ya antena.

Usidhani nataka kukutisha. Naandika nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ulipozaliwa. Wiki hii nimetembea Majengo kifua mbele kama aliyepewa cheo mimi, na kila aliyeleta redio dukani kwangu amelazimika kusikia kwanza kwamba mwanangu ni mwalimu. Lakini katika habari ya Bibi Editruda na radi ipo sehemu ambayo hatujawahi kuitaja. Ulikuwa na miaka tisa, na mimi mwenyewe nilihakikisha huisemi. Unaijua ile nusu ninayopenda kuisimulia, ambayo ndani yake mimi ni shujaa. Leo nakupa yote, ya shujaa na ya mwoga.

Wakati ule ruksa ya biashara ndiyo kwanza imeingia. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka siku moja tukakuta maduka ya Majengo yamejaa vitu mpaka barazani. Waliouza mahindi kwa wanunuzi binafsi walikuja mjini wakarudi na redio kaseti zenye spika mbili, na kila mwenye redio alitaka stesheni za mbali. Hapo ndipo baba yako alipogeuka mtu mkubwa. Nilikuwa nakata nguzo ya mkaratusi ndefu kuliko nyumba mara mbili, nafunga waya wa shaba kileleni, nauteremsha hadi dirishani na kuuchomeka nyuma ya redio. Mtu anasikia Dar es Salaam, anasikia Malawi, anasikia watu wanaongea lugha asiyoijua, na anafurahi vilevile. Jioni nilikuwa nakubeba mabegani, nakuambia uzihesabu nguzo za baba. Ulifika ishirini na tatu, na mimi nikajiona nimeijenga Matogoro.

Hakuna hata moja niliyoifungia waya wa kuingia ardhini. Na nilijua unatakiwa, mwanangu, hapo ndipo penyewe. Mzee aliyenifundisha ufundi alinionyesha kwa mikono yake: waya mnene unatoka kwenye antena, unashuka nje ya ukuta hadi kwenye chuma kilichopigwa chini, ili radi ikija ipite huko, isiingie ndani. Lakini shaba ilikuwa adimu, na watu hupenda kuona kinachokwenda juu, hawaulizi kinachokwenda chini. Nami nikapenda kusifiwa kuliko nilivyopenda kazi yangu.

Nguzo ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mzee Gaudensi, jirani yetu wa pili ukishuka mtoni, yule mwenye mbuzi wasiokubali kufungwa. Alitaka yake ipite zote, nami nikamtafutia mkaratusi uliotushinda kubeba watu wanne.

Radi ilipiga Jumanne, mchana saa tisa, mwezi wa kwanza. Jua lilikuwa limewaka asubuhi nzima, kisha wingu likatokea nyuma ya milima ya Matogoro kama mtu aliyechelewa kazini. Mimi na wewe tulikuwa barazani. Ngurumo zilisikika mara tatu au nne, na mvua ilikuwa bado haijaanza, kwa hiyo hakuna aliyejali. Watu wengi hudhani hatari inakuja na mvua. Inakuja na ngurumo ya kwanza, na mara nyingine jua lingali linakuwakia mgongoni. Gaudensi alikuwa ndani, mkono juu ya redio, anatafuta mpira.

Ule mlio siwezi kuuandika. Nguzo ilipasuka vipande vipande kama kuni, ukuta ukafunguka kuanzia dirishani hadi chini, na Gaudensi alikutwa amelala kizingitini, kiatu kimoja hakipo. Mkewe, Mama Kandida, alikuwa anapiga mayowe. Tulikimbia wote. Tulipofika hatua kumi kutoka alipolala, tukasimama.

Unajua kwa nini tulisimama. Kwetu, aliyepigwa na radi haguswi mpaka aje mganga, apanyunyizie dawa. Lakini Mama Kandida alikuwa mke, na mke ni mke. Alikwisha kunyoosha mkono. Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa umeme, na nikasema kwa sauti kubwa, "Msimguse! Bado ana moto!"

Nataka ujue neno lile lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka kwa mganga. Ndani ya redio kubwa za zamani kuna kifaa kinaitwa kapasita. Kinaweka umeme, na hata ukizima redio umeme unabaki humo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi kiliwahi kunirusha hadi ukutani, na mwalimu wangu akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikafikiri mtu aliyepigwa na radi ni hivyohivyo, amejaa umeme, ukimgusa unakurusha. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililitunga pale pale, nikalisema kwa sauti ya mtaalamu, na Mama Kandida akaurudisha mkono wake kifuani. Mkono ule ulivyorudi bado naukumbuka.

Ndipo akatokea Bibi Editruda. Ulimpenda tangu zamani, lakini wakati ule kwa watu wengi alikuwa kikongwe mjane aliyeishi peke yake nyuma ya migomba na kusema na kuku wake. Alitoka shambani, mikono imejaa udongo, akatupasua katikati.

"Mnatazama nini? Mtu anakufa!"

"Bibi, usimguse," nikasema. "Ana moto."

"Kama ana moto nitaota," akasema. "Leo baridi."

Akapiga magoti. Akamgeuza chali, akamwinua kidevu, akamkandamiza kifua kwa mikono yote miwili kama anayekanda unga mgumu, kisha akamziba pua na kumpulizia pumzi mdomoni. Wanawake walijifunika nyuso, bibi mzima kuweka mdomo kwa mume wa mtu mchana kweupe! Sisi hatukujua kwamba alifua mashuka ya hospitali ya misheni miaka mingi, na kwamba anayefua mashuka huona mengi. Aliendelea hadi jasho likamdondokea Gaudensi usoni. Mwisho Gaudensi akakohoa.

Bibi alimlaza kwenye mkeka, nasi tukaushika mkeka kwa ncha bila kumgusa yeye, tukampakia kwenye lori la mnunuzi wa mahindi, tukampeleka hospitali ya Peramiho, nami nikaenda naye. Sista aliyetupokea alisikiliza yote, akasema moyo wa huyu ulikuwa umesimama, na umerudi kwa sababu kuna mtu hakusubiri. Akasema radi ikishapita imepita, haibaki mwilini, aliyepigwa anagusika kama mtu mwingine yeyote. Kisha akauliza, "Na nani aliwaambia asiguswe?"

Nikatazama dari. "Watu," nikasema.

Niliporudi Jumatano nilikuta mtaa umekwisha pata jibu lake. Radi ile ilikuwa ya kutumwa, na aliyeituma ni Bibi Editruda. Mbuzi wa Gaudensi walikuwa wamemaliza maharage ya bibi, naye bibi aliwahi kumwambia Gaudensi mbele ya watu, "Mungu anakuona." Hilo lilikuwa ushahidi mdogo. Mkubwa ulikuwa huu: alimgusa Gaudensi wakati mwili umejaa moto, na hakudhurika. Kama radi si yake, mbona haikumfanya kitu? Na kwamba mwili ulikuwa na moto, nani alisema? Fundi alisema, na fundi anajua umeme. Nilisimama njiani nikisikia maneno yangu mwenyewe yakitembea kwa miguu ya watu wengine, kwenda kumvunjia bibi nyumba.

Walikubaliana apelekwe kwa mganga akanyolewe nywele kama mchawi. Unalijua neno hilo na hulipendi, nami silipendi. Mtu akinyolewa hivyo nywele huota tena, lakini jina alilopewa haliondoki. Wengi huhama. Bibi yule, kwa umri wake na bila mtoto, angehamia wapi? Balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha mkutano Jumapili baada ya misa, ili jambo liende kwa utaratibu.

Siku nne nilinyamaza. Nilikwenda dukani, nikarudi, nikala, nikanyamaza. Ningesema ni waya wangu, kila mwenye nguzo yangu angekuja na shoka na jina langu lingekwisha. Ningesema nilidanganya juu ya moto, Mama Kandida angenitazama. Nilijiambia bibi atasamehewa tu, nikajiambia Mungu atafanya njia, kumbe njia nilikuwa nimeikalia mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila maradhi yalikuwa yangu na kifo kilikuwa kinakwenda kwa mtu mwingine.

Sasa ile sehemu tusiyoitaja, ambayo labda umeisahau, au unaikumbuka ukaamua kunihifadhi.

Alhamisi ulikuja nikiwa nanoa panga nyuma ya nyumba. Ukachuchumaa mbele yangu, ukasema, "Baba, mimi niliona. Moto ulishuka kwenye waya wako. Bibi hakuwepo." Ulisema polepole, bila kunilaumu, kama unanikumbusha kitu nilichosahau. Nikakuinulia mkono. Sikukupiga, lakini nilikuambia ukirudia neno hilo popote nitakuchapa mpaka ulisahau, na kwamba mambo ya watu wazima hayana watoto. Ukainuka ukaenda. Hukula mchana ule wala jioni. Mama yako akakugusa paji la uso, akasema ni malaria, akakupa klorokwini. Nilikaa pale nikakutazama unameza vidonge vichungu kwa ajili ya uongo wangu, na bado sikufungua mdomo.

Nisamehe, mwanangu. Nimesubiri miaka kumi na moja kuandika neno hilo moja, na limechukua mstari mfupi tu.

Jumapili ile najua unaikumbuka, lakini hukuiona kutoka nilipokuwa nimekaa. Bibi Editruda alikuja na mkeka wake mwenyewe, akautandika, akakaa na kamfuko kake ka karanga za kukaanga, kana kwamba amekuja kuangalia ngoma. Hakuna aliyekaa karibu naye. Watu walijibana upande mmoja hadi kukaliana miguu, na upande wa pili paliachwa uwanja mtupu. Gaudensi naye aliletwa, ametoka hospitali Jumamosi, sikio moja halisikii tena. Alikaa kwenye kiti chake, naye pembeni yake patupu. Watu waliongea mmoja mmoja, mbuzi, maharage, "Mungu anakuona," moto. Balozi akamwuliza bibi ana la kusema.

"Nilimgusa kwa kuwa alikuwa anakufa," akasema. "Kama hilo ni kosa, ninyoeni. Nywele zenyewe zimebaki chache, hamtachoka."

Hapo nikakuona unatoka ubavuni kwa mama yako. Ulivuka uwanja ule mtupu na gauni lako la kanisani, ukafika mkekani, ukasema, "Shikamoo, Bibi," ukakaa, ukamwegemea.

"Dafrosa, rudi!" mama yako akapiga kelele. Hukurudi. Mkutano mzima ulikaa ukisubiri uanguke. Wewe ukaingiza mkono kwenye kamfuko, ukaanza kula karanga.

Mpaka leo ukiulizwa unasema ulifuata karanga. Sikubaliani na wewe, na sitakubali hadi kaburini. Nilikuwa nimekukataza kusema, na hukusema. Ulikwenda tu ukakaa mahali ambapo ukweli ulikuwa umekaa peke yake. Miguu yangu iliniinua bila kunishauri.

Nikasema yote. Nikasema waya ni wangu, nguzo ni yangu, na chuma cha ardhini sikukiweka na nilijua. Nikasema lile neno la moto nililitunga, na kwamba Peramiho nimeambiwa si kweli na nimekaa nalo siku nne. "Kama mnamtafuta aliyemletea Gaudensi radi," nikasema, "ni mimi. Ninyoeni mimi."

"Fundi umelewa ulanzi!" mmoja akapaza sauti. Wengine wakaguna. Balozi akasema maneno ni maneno, na je, nina hakika mwili hauna moto?

Nikatembea hadi kwenye kiti cha Gaudensi, nikamshika mikono yote miwili. Wanawake wakapiga ukelele. Gaudensi alinishika akang'ang'ania, akaanza kulia kama mtoto, na kwa kuwa hasikii vizuri alikuwa anapiga kelele bila kujua: "Tangu nitoke hospitali hakuna aliyenishika mkono! Mke wangu ananiwekea ugali mlangoni anakimbia! Mimi ni mtu au ni mbwa?"

Mama Kandida ndiye aliyekuja wa pili. Alimkumbatia mumewe mbele ya balozi na mbele ya wazee, na hakuona haya. Kisha akaja mwingine, na mwingine, wakapanga mstari, foleni ndefu kuliko zile za sabuni, kila mtu anashika mkono wa Gaudensi na kuutikisa, wengine wakirudia mara ya pili ili wawe na hakika. Walipomaliza kwake wakageukia mkekani. Bibi Editruda alisalimiwa na mtaa mzima, shikamoo baada ya shikamoo, na wewe umekaa pembeni yake mdomo umejaa karanga, unapokea salamu kama naibu wake. Sijawahi kuwa na aibu kubwa namna ile, wala furaha kubwa namna ile, na vyote viwili vilinijia saa moja.

Jumatatu nilianza na antena yangu mwenyewe. Nikaiangusha, nikaenda kwa jirani, na jirani, mpaka zote zikalala chini. Watu walinitukana miezi mitatu kwa kuwanyima Malawi. Ukuta wa Gaudensi niliujenga kwa mikono hii, na ukiutazama vizuri utaona umepinda, kwa sababu mimi si mwashi. Baadaye nilizirudisha antena fupi, kila moja na chuma chake ardhini, na kila nyumba nilifundisha kuchomoa waya wingu likiwa bado mbali. Ngurumo ikishafika juu ya paa usiushike tena, wacha redio iungue. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo watu wananiita fundi kwa heshima ambayo sikuwa nayo wakati wa nguzo ishirini na tatu.

Kwa hiyo ukifika huko mlimani, kitu cha kwanza, hamisha kengele. Ukiiacha kwenye ule mti, mtoto atakayetumwa kuipiga wingu likija atakuwa amesimama mahali pabaya kuliko pote. Watoto wakinyeshewa watakimbilia mtini, ni tabia ya mguu, hata mimi mguu wangu bado unataka. Wafundishe mpaka mguu ukubali kukimbilia darasa la matofali, si lile la nyasi, na wakae katikati, mbali na madirisha na waya. Wakikudanganya kwamba mvua iko mbali, waambie mkisikia ngurumo radi inaweza kuwafikia. Wasitoke mara tu inaponyamaza. Ngurumo ya mwisho ikipita, fundisha kipindi kizima ndipo uwaachie. Na mkikutwa njiani hakuna nyumba, shukeni kutoka kileleni, mtawanyike, kila mmoja achuchumae miguu imebanana, wala asilale chini. Bora zaidi ni kutotoka kabisa siku ambayo wingu limesimama.

Utasikia habari za nguo nyekundu na vioo. Mama yako bado anafunika kioo, na mimi namwacha. Kufunika kioo hakujamuua mtu. Kinachoua ni kufunika kioo ukaridhika, redio imechomekwa kwenye waya.

Lakini yote hayo utayakuta hata kwenye kitabu. Ninalotaka ulibebe ni hili. Kesho kutwa utakuwa mwalimu, na siku ya hatari watu watautazama mdomo wako kama walivyoutazama wangu. Usipojua, sema hujui. Neno "sijui" lingemwachia Mama Kandida mkono wake. Mimi nilikuwa na ujuzi kidogo wa redio, nikautandaza juu ya maisha ya mtu mpaka ukapasuka. Na ukiona mtu amelala na wengine wamesimama hatua kumi, wewe nenda. Kandamiza kifua, mpulizie, usichoke upesi. Wakiwa wengi anza na yule anayeonekana amekufa, kwa sababu anayelia anapumua. Watakaokuita mchawi baadaye, waalike wakushike mkono.

Nimebakiza habari moja, niliitunza hadi leo ili uisome kwenye basi.

Mwezi wa tatu, ulipokuwa chuoni kwenye mitihani, radi ilimpiga Bwana Saidi hapa hapa Matogoro. Humjui, ni mfanyabiashara wa Tunduru anayepitisha mitumba kwa baiskeli. Mvua ilimkuta kwenye njia ya juu, akaegemeza baiskeli kwenye mti, akasimama chini yake. Mgeni, peke yake, hana ndugu mtaa mzima. Nilisikia mlio nikiwa nyumbani, nikatoka nikikimbia, na nilikuwa nimekwisha jiandaa kugombana na watu.

Sikupata wa kugombana naye. Mama Kandida alikuwa magotini, anakandamiza. Gaudensi, wa sikio moja, alikuwa anahesabu kwa sauti inayosikika hadi Majengo. Balozi wa zamani alikuwa ameshika kichwa, wengine wanatengeneza machela kwa mashuka ya mitumba yake mwenyewe, wengine wamekwisha kwenda kusimamisha gari. Walikuwa wamemtoa chini ya mti kwanza. Hakuna aliyesimama hatua kumi. Nilitafuta hata mmoja, sikumwona.

Bwana Saidi alirudi baada ya wiki mbili, kovu limemchora mgongo mzima, akazunguka nyumba kwa nyumba. "Wallahi sikujua nina ndugu wengi hivi Songea," akasema. "Alhamdulillahi, na Mungu awazidishie." Alimwuliza kila mtu nani hasa alimwokoa, na kila mtu akamtajia mwingine.

Siku ile ya radi, Bibi Editruda alikuwa amesikia mlio kama sisi sote. Uzee umemkamata, unajua, anatembea na fimbo. Alipanda ile njia ya juu hatua kwa hatua mpaka akafika, ndiyo wanampakia mgeni kwenye gari. Nikamkuta amesimama nyuma ya watu, anahema, anacheka mwenyewe.

"Pole, Bibi," nikamwambia. "Umechoka bure."

"Nimefika, fundi," akasema, "nikazunguka huku na huku. Mikono ya watu ilikuwa imejaa juu yake. Sikupata hata pa kushika."

Nenda, mwalimu wetu.

Baba yako.